Gemu moja, Windows na Linux: kwa nini tushushe mara mbili?

Uliza wajuzi wa Linux kama folda ya Steam, duka la gemu za kompyuta, inaweza kukaa kwenye patisheni (sehemu ya diski) moja ya NTFS, mpangilio wa faili wa Windows, kisha Windows na Linux za kompyuta hiyo zikaitumia kwa zamu. Wengi watakuambia usithubutu: shusha gemu tena, kila mfumo uwe na nakala yake. Valve, wenye Steam, nao hawaipendekezi.

Hoja zao zina uzito. Proton, programu ya Valve iliyotoka 2018 ili gemu za Windows zichezeke kwenye Linux, huunda folda iitwayo compatdata, na ndani yake mna majina kama "c:". Windows haitaki nukta mbili kwenye jina la faili. Ikikagua diski inaweza kuyaona majina hayo kama hitilafu. Halafu kuna uwashaji wa haraka wa Windows (Fast Startup): unadhani umeizima Windows, kumbe imelala tu, na Linux ikija inaikuta patisheni inasomeka lakini haiandikiki.

Ila jibu la "shusha tena" hutolewa na mtu asiyenunua bando. Baldur's Gate 3 inataka GB 150. Nakala mbili ni GB 300, na kwenye SSD ya GB 512 iliyokwisha kubeba mifumo miwili, gemu nyingine kubwa utaiweka wapi? Masasisho nayo huja mara mbili: la GB 20 linakula GB 40 za bando. Na yote hayo kwa faili zilezile! Gemu ikipita kwa Proton, Linux inatumia faili za Windows kama zilivyo.

Kasoro zenyewe zina dawa. Hamishia compatdata kwenye patisheni ya Linux, uache pale ilipokuwa kiungo (symlink) kinachoelekeza ilikohamia. Zima uwashaji wa haraka. Gemu yenye toleo lake la Linux ilazimishe ipite kwa Proton, la sivyo Steam itataka faili nyingine. Tangu 2021, toleo la 5.15 la kerneli, yaani kiini cha Linux, limekuja na ntfs3, kiendeshi kilichoandikwa na kampuni ya Paragon ili Linux isome na kuandika NTFS.

Mwenye diski kubwa na intaneti isiyo na kikomo atenganishe tu, hana sababu ya kujisumbua. Anayeshirikisha, patisheni hiyo iwe ya gemu peke yake; picha za harusi na kazi za ofisi zikae kwingine. Ikiharibika atashusha upya, yaani atalipa gharama ileile ambayo wajuzi walitaka ailipe tangu mwanzo.