Sheria ya Misitu: Anayelinda Msitu wa Amani Analipwa na Nani?

Mkoa wa Tanga una wanakijiji wa aina mbili mbele ya Sheria ya Misitu. Wa kwanza yuko Handeni au Kilindi, kwenye misitu ya miombo. Kijiji chake kikiitisha mkutano mkuu, kikatenga eneo, kikaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, na halmashauri ya wilaya ikaridhia, msitu huo ni wa kijiji kweli. Faini ya aliyekamatwa na magogo inaingia mfuko wa kijiji, na mti ukiuzwa, serikali kuu haidai mrabaha. Wa pili yuko juu Amani, wilayani Muheza, au chini pwani ya Mkinga, kwenye mikoko ya Moa na Mtimbwani. Huyu naye anaitwa kwenye kamati, anafanya doria, anazima moto. Lakini msitu ni wa serikali. Anaweza kuingia nayo mkataba wa usimamizi wa pamoja, ila hakuna kifungu kinachotaja fungu lake ni kiasi gani.

Sheria ni moja kwa wote wawili: Na. 14 ya 2002, iliyoanza kutumika 2004 na kuchukua nafasi ya ile ya mkoloni ya 1957. Kwa wakati wake ilikuwa hatua kubwa. Vijiji vya Duru-Haitemba kule Babati vilikuwa vimeshaonyesha, katikati ya miaka ya 1990, kwamba wananchi wakikabidhiwa msitu wanaulinda kuliko askari misitu wawili wenye baiskeli moja. Sera ya 1998 ikaliandika hilo, sheria ikafuata. Leo, zaidi ya miaka 20 baadaye, wanaotaka irekebishwe ni wengi, ila hawataki kitu kimoja. Wapo wanaosema vijiji vimepewa kidogo mno. Wapo wanaosema vimepewa kupita kiasi.

Nianze na hawa wa pili, kwa sababu mijini huwa hawasikilizwi vizuri. Mto Zigi unaanzia Usambara Mashariki, milima ambako Amani ipo, unajaza bwawa la Mabayani, na maji hayo ndiyo yanayotoka bombani Jijini Tanga. Miteremko ya huko ni mikali. Ukifyeka, udongo unafuata maji mpaka bwawani. Mimea na wanyama kadhaa wa milima ile hawapatikani pengine duniani. Je, mkutano wa kijiji kimoja, wenye njaa ya mwaka huu mbele yake, upewe kauli ya mwisho juu ya kitu kama hicho?

Na historia ya iliki iliyolimwa ndani ya misitu ile inawapa nguvu. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo mkulima haangushi miti mikubwa. Anafyeka ya chini tu. Kwa macho msitu upo. Kumbe miche imekwisha, miti mizee inakufa bila mrithi, na udongo ukichoka iliki inapisha migomba na mahindi. Ndiyo maana ukanda wa Derema, unaounganisha vipande vya msitu, uliondolewa mikononi mwa wakulima na kuhifadhiwa. Fidia ililipwa, na malalamiko juu ya kiwango chake hayakukosekana. Hata hivyo, hoja ya kiikolojia ilikuwa sahihi, nami sioni namna ya kuikwepa.

Ongeza na jambo ambalo wanaharakati hulipitia haraka: viongozi wa vijiji. Mwenyekiti na watu watatu wa kamati wakielewana na mwenye chenso, msitu wa kijiji huisha bila mkutano wowote kuitishwa.

Lakini hoja hii ina shimo, nalo liko palepale Amani. Miaka ya 1970 na 1980 misitu ya Usambara Mashariki ilivunwa kwa mashine, kwa ridhaa ya serikali na msaada wa Ufini, kulisha kiwanda cha mbao cha Tanga. Wanasayansi walipiga kelele, uvunaji ukasimama mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha Ufini ileile ikarudi na fedha za uhifadhi. 1997 Amani ikatangazwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza nchini. Wazee wa Muheza wanaoambiwa leo kwamba hatari kwa msitu ni wao wana haki ya kucheka kidogo. Umiliki wa serikali peke yake haukuulinda ule msitu. Kilichoulinda ni uamuzi wa kuacha kukata, na uamuzi huo una gharama ambayo mtu lazima aibebe.

Hapo ndipo ninapotofautiana na kambi zote mbili. Wanaodai “wapeni vijiji” wanazungumza kana kwamba kila msitu ni miombo ya kuvuna. Miombo hukatwa na kuchipua. Kule Kilosa, kwenye mradi wa mkaa uliofadhiliwa na Uswisi, vijiji viligawa eneo la kuvuna katika vitalu vya mzunguko wa miaka 24. Visiki huachwa vichipue, fedha hujenga zahanati na madarasa. Handeni inaweza kuiga hilo. Amani haiwezi. Msitu wa vyanzo vya maji haukatwi, kwa hiyo hata sheria ikimpa mwanakijiji nusu ya mapato ya mbao, nusu ya sifuri ni sifuri. Watetezi wa hali ilivyo hupenda hesabu hii, na hawajakosea kuijumlisha. Wanachokosea ni kudhani kwamba, kwa kuwa mbao hazipo, hakuna fedha.

Fedha ipo kwenye maji. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, na wawekezaji wakajitokeza. Walioinunua waliamini kwamba maji yataendelea kuja na ankara zitaendelea kulipwa kwa miaka kumi ya hatifungani ile. Imani hiyo, tukisema ukweli, inakaa juu ya mtu wa Amani ambaye hatafyeka ukingo wa mto. Mamlaka imekuwa ikishirikiana na umoja wa wakulima wa huko, UWAMAKIZI, na hilo ni jema. Lakini ushirikiano hutegemea nani yuko ofisini. Meneja akihamishwa, mazungumzo huanza upya. Sheria ya Misitu ingeweza kulazimisha kwamba mkataba wa usimamizi wa pamoja katika msitu wa vyanzo vya maji usisainiwe bila kutaja chanzo cha fedha na asilimia ya kijiji. Kifungu kimoja tu. Bila hicho, mkataba unamgawia mwanakijiji doria na kumwachia mwenzake mapato.

Kuna watakaosema kipato mbadala kinatosha: nyuki, utalii, vipepeo. Vipepeo ni mfano mzuri, ingawa si kwa namna wanavyoutumia. Wakulima wa Amani walifuga vipepeo na kuuza mabuu nje ya nchi, biashara iliyoutegemea msitu kusimama, kwani bila miti ya asili hakuna kipepeo. Mwaka 2016 serikali ikasitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na vipepeo wakaingia kapu moja na wanyama wakubwa. Soko likafungwa. Hakuna aliyegusa Sheria ya Misitu, na sababu ya mkulima kuupenda msitu ikapungua kwa amri ya siku moja.

Jambo hilohilo linamwandama mwanakijiji wa kwanza, yule wa Handeni tuliyemwona amependelewa. Sheria ya Bunge ilimpa, kanuni zinampunguzia. Kanuni za 2019 kuhusu magogo, mbao, nguzo na mkaa zilirudisha mkono wa serikali hata kwenye mkaa wa misitu ya vijiji. Waliozitunga hawakuwa na nia mbaya. Mkaa wa hifadhi huoshwa kwa risiti za kijiji, na ukishapakiwa kwenye lori kwenda Dar es Salaam haina maana kuuliza ulikatwa wapi. Naafiki kabisa udhibiti wa barabarani: hati ya kusafirishia, mageti, ukaguzi. Siafiki wilaya kuamua kijiji kivune kitalu gani wakati mpango wake ulishapitishwa na halmashauri hiyohiyo.

Na kuna hoja mpya, kwamba mkaa unakwisha wenyewe. Mkakati wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, basi kuhangaika na sheria ya mkaa kwa nini? Natamani lengo lifikiwe. Mapafu ya mama zetu yamechoka na moshi. Ila miombo haimalizwi na mkaa peke yake. Kilimo ndicho adui mkubwa. Mkaa ukikosa bei, msitu wa Kilindi hautapumzika. Utalinganishwa na ekari ya mahindi au ufuta, na msitu usioingiza shilingi utashindwa kwenye mkutano wa kijiji, tena kwa kura halali. Kwa hiyo kuharakisha nishati safi bila kuupa msitu thamani nyingine, iwe mbao, asali au biashara ya hewa ukaa ambayo kanuni zake zilitoka 2022, ni kuwasaidia wenye majembe.

Sheria ndogo za vijiji nazo zina tatizo lake, na si gumu kulitatua. Hulala halmashauri mpaka walioziandika wamalize muda wao wa uongozi. Muswada wa kurekebisha Sheria ya Misitu ungeweka ukomo, tuseme siku 90, halmashauri isipojibu zihesabike zimepita. Zitapita mbovu chache, najua. Mahakama zipo.

Kigumu ni kile kifungu cha maji. Mkazi wa Ngamiani, Jijini Tanga, akielezwa kwamba sehemu ya ankara yake inapanda Amani, atauliza kwa nini alipie mti ambao hajawahi kuukata, na swali lake ni la haki kama la mwanakijiji anayeuliza kwa nini aulinde bure. Madiwani wa Jiji na wa Muheza wangefaa waketi meza moja kulijibu kabla muswada haujafika Dodoma, kwa sababu ukishafika huko watakaozungumza ni wizara, na wizara ya maji na ya misitu kila moja ina kitabu chake cha mapato.