Laxton: kijiji cha Uingereza kinacholima vipande vipande mpaka leo, na swali la mjomba

Mwanzoni mwa Desemba nilimchukua mjomba, mkulima wa kahawa na ndizi wa kule Machame aliyekuja kutusalimia huku, nikampeleka kijiji kimoja kinaitwa Laxton, kipo Nottinghamshire, kaskazini ya mji wa Newark. Kijiji chenyewe kidogo, watu mia mbili na ushee, kanisa moja, baa moja, nyumba za matofali mekundu zimegeuzia barabara ubavu, na tope zito la mfinyanzi linaloganda kwenye kiatu mpaka unatembea kama umevaa gunia. Mjomba baridi imemkaba, koti langu limempwaya, akawa ananiuliza mwanangu, umenileta kuona nini hapa, mbona hata mtu barabarani hakuna.

Nilimleta kuona mashamba. Laxton ndo kijiji kinachotajwa Uingereza nzima kuwa cha mwisho kinacholima kwa ule mtindo wa zamani wa mashamba ya wazi, ambao enzi hizo ulikuwa kila kona ya katikati ya nchi. Kuna mashamba makubwa matatu, West Field, Mill Field na South Field, ndani hakuna ua wala waya, kila mkulima ana vipande vyake virefu vimetawanyika kimoja huku kingine kule, na wote mnafuata ratiba moja. Mwaka huu shamba hili ni ngano inayopandwa kabla ya baridi, mwakani ni mazao ya machipuko kama shayiri au maharage, mwaka wa tatu linapumzika, siku hizi wanaacha majani ya mifugo. Huwezi ukaamka tu ukasema mi mwaka huu nalima nachotaka.

Kusimamia hiyo ratiba kuna baraza, lenyewe linaitwa Court Leet, ni la karne na karne. Kila mwaka kuelekea mwisho wa Novemba watu 12 walioapishwa wanazunguka lile shamba lililopandwa ngano, wanapanda trela la trekta, wanashuka kwenye tope, wanaangalia kama kuna ambaye plau yake imekula njia au imeingia kwenye majani ya wote, wakikuta hivyo wanapigilia kigingi pale mpaka unapotakiwa kuwa na jina lako linaandikwa. Mchana wanakula baa, Dovecote Inn. Wiki inayofuata baraza linakaa hapohapo, msimamizi wa mwenye ardhi ndo anaongoza, faini zinasomwa, halafu wanaapishwa 12 wa kukagua shamba la mwakani. Faini zenyewe pesa ya mboga. Ila nadhani kinachouma sio hela, ni kusomwa jina mbele ya majirani ambao jioni unakunywa nao meza moja.

Sisi tulifika siku chache baada ya ukaguzi, vigingi bado vipo. Vya mbao, vipya, kichwa kimepondeka kwa nyundo, na kimoja kimesimama kama hatua mbili ndani ya ngano ambayo ndo kwanza inachipua, yaani jamaa alishalima mpaka ng'ambo na ile mistari michache ya ngano iliyobaki upande wa pili inamsuta. Mjomba akachuchumaa, akakishika, akakitikisa, akacheka. Akasema kwetu hapa tungeotesha masale. Kama hujui, masale ni ule mmea Wachaga na Wapare wanaoupanda kwenye mpaka, na ukiung'oa umejitafutia kesi na ukoo mzima.

Sasa ubishi wenyewe. Kuna wanaosema Laxton ni makumbusho tu, watalii wanakuja kupiga picha, na kwamba Uingereza iliachana na mfumo huu kwa sababu ya maana. Hoja zao tusizidharau, maana mtu aliyewahi kulima vipande vitatu kwenye vilima vitatu anazijua kwenye magoti. Muda mwingi unaisha njiani. Kwenye udongo wa mfinyanzi kama ule unahitaji kutoa maji shambani, lakini utachimbaje mtaro kama kipande chako ni upana wa mita chache na jirani hataki? Mifugo ikichungwa pamoja huwezi kuchagua dume gani limpande jike gani, na ndo maana yule Robert Bakewell wa Leicestershire, aliyesifika karne ya 18 kwa kuboresha kondoo na ng'ombe, kazi yake ilihitaji mazizi na malisho yaliyozungushiwa. Ukitaka kujaribu zao jipya inabidi uwasubiri wote wakubali, na kwenye kila kijiji kuna mzee mmoja ambaye hakubali kitu.

Halafu kuna hili ambalo wapenzi wa Laxton hawapendi kulisema kwa sauti. Mfumo wenyewe umeshapunguzwa sana. Mwaka 1635 mpimaji Mark Pierce alichora ramani ya kijiji, ipo Oxford kwenye maktaba ya Bodleian, nzuri kweli, kachora mpaka watu wanalima na wanavuna, na vipande kwenye ramani ile vilikuwa zaidi ya elfu mbili. Leo havifiki mia mbili. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwenye ardhi alivikusanya vikawa vipana zaidi, na sehemu kubwa ya ardhi ya kijiji ilishawekewa uzio zamani, kilichobaki wazi ni kama ekari 500. Kwa hiyo hata Laxton yenyewe, ilipobanwa na mashine na soko, ilisogea kuelekea kulekule wengine walikoenda. Wao wenyewe wana mashamba yao mengine ya uzio pembeni, na hayo ndo wanafanyia mambo yao bila kuuliza mtu.

(Hiyo ramani, kwa taarifa tu, iliagizwa na Sir William Courten, mfanyabiashara wa London aliyekuwa amenunua kijiji. Ndo huyohuyo ambaye pesa yake iliwapeleka Waingereza kukaa Barbados mwaka 1627. Huku anahesabiwa vipande vya wakulima wake, kule anaanzisha koloni. Mi ikanikaa kichwani siku nzima.)

Upande wa pili nao una mengi. Kwanza, kuzungushia uzio mashamba ya Uingereza halikuwa jambo la wakulima kukaa wakakubaliana kistaarabu. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kugawa mashamba na malisho ya wote, jumla ekari kama milioni 6.8, zaidi kidogo ya moja ya tano ya nchi. Mwenye karatasi alipewa kipande chake, mwenye desturi tu, yule mama mwenye ng'ombe mmoja aliyekuwa anachunga pale kwa sababu bibi yake naye alichunga pale, mara nyingi aliambulia patupu au kijisehemu ambacho gharama ya kukiwekea uzio ilikuwa kubwa kuliko kipande chenyewe, akaishia kumuuzia jirani mkubwa na kwenda kuwa kibarua. Arthur Young, mwandishi wa mambo ya kilimo ambaye alitumia nusu ya maisha yake kuupigia debe mpango huo, mwaka 1801 aligeuka akaandika kwamba karibu sheria zote hizo zimewaumiza maskini. Huyo sio mpinzani, huyo ni kada wao mwenyewe.

Hata ile hoja kwamba bila uzio hakuna maendeleo haina miguu miwili. Mwanahistoria wa uchumi Robert Allen ameonyesha kwamba kwenye maeneo ya katikati ya Uingereza sehemu kubwa ya ongezeko la mavuno ilishapatikana karne ya 17 kwa wakulima wadogo, tena wengi kwenye mashamba ya wazi, na kwamba faida kubwa ya uzio iliishia kwenye kodi ya pango anayolipwa mwenye ardhi. Wale wazee hawakuwa wamelala. Walikuwa wanakubaliana kwenye baraza kubadilisha mazao, polepole ndio, ila walikuwa wanabadilisha.

Pili ni hili la mali ya wote kuliwa na wote mpaka inaisha. Mwaka 1968 mwanaikolojia Mmarekani Garrett Hardin aliandika ile makala maarufu kwamba malisho ya pamoja lazima yaharibike, kila mtu ataongeza ng'ombe mmoja zaidi. Watu wakaimeza nzima nzima. Lakini malisho aliyoyazungumzia ni ya kila anayekuja, hayana mwenyewe wala sheria, na Laxton haijawahi kuwa hivyo hata siku moja, kuna anayehesabu, kuna anayekagua, kuna kigingi. Elinor Ostrom alipata Nobel ya uchumi 2009 kwa kazi ya kuonyesha hichohicho, kwamba jamii nyingi zinaweza kutunza mali ya pamoja zikiwa na kanuni zao na adhabu ndogondogo zinazoanzia chini. Kule Laxton zimebaki zile sehemu za majani kwenye mabonde kati ya vipande, wanaziita sykes, hazilimwi, majani yake yanauzwa kila mwaka kwa mnada. Kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa kwa plau zina maua na nyasi ambazo kwingine zimekwisha, maana Uingereza na Wales zimepoteza kama asilimia 97 ya malisho ya maua tangu miaka ya 1930. Sasa hivi zinalindwa kisheria. Hilo halikupangwa na mwanamazingira yeyote, ni wazee kuogopa kupigwa faini.

Mi mpaka hapo nilikuwa naegemea upande huu wa pili, nikawa namsimulia mjomba kwa mbwembwe, unaona mjomba, Wazungu nao wana baraza kama letu. Mjomba kanywa chai yake taratibu, akauliza swali moja.

"Hili shamba la nani?"

Nikamwambia la tajiri mjomba, hawa wengi wamepanga.

"Sasa mpangaji anagombania mpaka wa nini?"

Nilicheka ila swali lilinitoa jasho, maana ukilifuata linafungua yote. Laxton haikubaki kwa sababu wanakijiji walisimama kidete. Ilibaki kwa sababu ardhi ilikuwa na wamiliki wakubwa wawili, makabaila Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, na hawakuwahi kukubaliana namna ya kugawana. Bahati ya fahali wawili kutoelewana, basi. Halafu mwaka 1952 Earl Manvers akauza kwa Wizara ya Kilimo, serikali ikachukua ili mfumo usife. Mwaka 1981 ikaenda kwa Crown Estate, lile shirika linalosimamia mali za ufalme. Na 2020 ikauzwa tena, safari hii kwa Thoresby Estate, yaani ikarudi kwa ukoo uleule wa akina Manvers. Angalia hiyo safari, mara tatu kijiji kizima kinabadilisha mikono na baraza la watu 12, linalotisha kwa hatua mbili za ngano, halina kura hata moja kwenye jambo hilo.

Hapo ndo naona pande zote mbili zinapiga kelele pembeni ya jambo. Mmoja anasema vipande vibaya, mwingine anasema vipande vizuri, wakati kilichomuumiza yule mama wa ng'ombe mmoja hakikuwa umbo la shamba, ni kwamba siku ya kugawa jina lake halikuwa kwenye karatasi. Ungeweza kuunganisha vipande na bado kila mtu akabaki na chake. Na unaweza ukaviacha vipande vilevile kama Laxton na wakulima wakabaki wapangaji milele.

Sisi wa Afrika Mashariki hili sio la kusoma tu. Mpango wa Swynnerton wa 1954 kule Kenya, ulioandikwa na ofisa kilimo Mwingereza Roger Swynnerton, ulitumia hoja zilezile za karne ya 18: vipande vimetawanyika, muda unapotea, unganisheni, kila mtu apate hati. Kahawa na maziwa viliongezeka, hilo ni kweli na huwezi kulikana. Lakini uliendeshwa katikati ya hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, wakati maelfu ya wanaume wa Nyeri, Kiambu na Murang'a wako kizuizini, na wewe unaulizwa mipaka ya shamba lako ukiwa nyuma ya waya au hujaulizwa kabisa. Waliokuwa nyumbani na upande wa serikali ndo waliosimama kuonyesha mipaka. Ukimwambia mtu aliyerudi kutoka kizuizini 1959 akakuta hekaheka imeisha kwamba tatizo lilikuwa vipande vidogo, atakuangalia tu.

Kwa hiyo mi nikiulizwa Laxton iachwe au ivunjwe, nasema iachwe, ila sio kwa sababu ya uzuri wa picha. Kinachostahili kubaki pale ni ule ukaguzi wa Novemba, na ningependa siku moja uwe na nguvu juu ya mwenye hati na sio juu ya mpangaji tu. Wanaosema ni makumbusho wananishinda sehemu moja, kwamba wakulima wenyewe wanazidi kupungua, wenye vipande siku hizi wanahesabika kwa vidole vya mikono na vya mguu mmoja, ngano bei yake inapangwa mbali, na kijana ambaye baba yake amepanga hana cha kuuza wala cha kukopea. Baraza linahitaji watu 12 wa kuapa. Mjomba alivihesabu vile vigingi wakati tunarudi kwenye gari, vilikuwa saba, akasema hapa wanaiba kidogo sana, au wamebaki wachache wa kuibiana.