Lam si Lin aliyekosewa

Mezani kwangu kuna kadi mbili za biashara, moja ya Guangzhou, nyingine ya Hong Kong. Upande wa Kichina jina la ukoo ni lile lile, 林: miti miwili bega kwa bega, yaani msitu. Zigeuze sasa. Moja inasema Lin, nyingine Lam. Mwezi uliopita mwenzangu ofisini aliona hiyo Lam ni kosa la chapa, akaisahihisha kwenye hati ya malipo. Benki ikarudisha hela, na aliyeomba radhi kwenye simu ni mimi.

Kosa halikuwepo. Hong Kong wanaongea Kikantoni, na kwa Kikantoni 林 husomwa Lam. Ukimkuta Lim wa Malaysia au Singapore, mara nyingi ni 林 huyo huyo, ila wazee wake walivuka bahari kutoka jimbo la Fujian, China, na lugha yao ya Kihokkien. Lin ni Kimandarini, yaani Kichina rasmi, kilichoandikwa kwa pinyin, tahajia ya herufi za Kilatini ambayo China iliipitisha mwaka 1958.

Pinyin yenyewe sina ugomvi nayo. Chou En-lai, waziri mkuu wa China aliyekuja Dar es Salaam Juni 1965, ndiye Zhou Enlai wa vitabu vya leo. Matamshi ni yale yale, herufi tu zimehama. Ninaowakataa ni wale wanaotaka kila Lam na kila Lim wageuzwe Lin ili orodha ipendeze. Sisi wenyewe tuna Mohamed, Muhammad na Muhamadi, na karani akikubadilishia yako utamrudia dirishani siku hiyo hiyo.

Ninalolipenda kuliko yote ni Ng. Wazungu hulitafutia irabu wasiione. Sisi tuliokua tukisema ng'ombe sauti tunayo: tamka ng' peke yake, isimame kama m ya mtu, basi. Ila usidhani umeshaujua ukoo. Ng wa Hong Kong kwa kawaida ni 吳, ambaye kwa Kimandarini ni Wu. Ng wa Kihokkien anaweza kuwa 黃, ambaye Beijing ni Huang na Hong Kong ni Wong. Na Wong naye, usishangae, anaweza kuwa 王.

Ndiyo maana kwenye fomu zetu nimeongeza kisanduku kimoja: jina kwa Kichina. Mwenzangu analalamika kwamba kompyuta yake inamwonyesha vibokisi vitupu.