Medayi ya mama wa soda: heshima ao pazia?

Kila mara habari ya vita ya mashariki ya Congo inafika huku Lubumbashi, kuna batu banasema leta itoe medayi kwa bamama na bajane ba basoda benye balikufa ku front, na kuna bengine banacheka: medayi utaikula na bukari? Minaelewa bote, lakini minaona banabishana pembeni ya shida yenyewe.

Tuangalie kwanza kwa benye balianza. Canada balianzisha Memorial Cross tarehe 1 mwezi wa 12 mwaka 1919, kiisha ile vita kubwa ya kwanza: musalaba mudogo wa feza na utepe wa zambarau, na bameandikapo jina ya soda mwenye alikufa na namba yake ya kazi. Balikuwa banapatia mama yake na bibi yake. Mpaka leo, kila tarehe 11 mwezi wa 11, mama moja anachaguliwa aweke maua kule Ottawa kwa jina ya bamama bote. Marekani iko na nyota ya dahabu ya kupachika ku nguo, sheria yake ni ya 1947. Bangereza balichelewa sana, Elizabeth Cross yao ilitoka 2009.

Benye kukataa banasema ile yote ni pazia: mama analia mbele ya kamera, mukubwa anapata picha, kesho vita inaendelea na batoto ba bengine. Hapana uongo. Na hata heshima yenyewe inaweza kuwa na ubaguzi ndani. Kati ya 1930 na 1933 Marekani ililipia bamama na bajane zaidi ya 6,000 safari ya Ulaya baone makaburi ya batu babo, kitu kizuri kabisa, ila bamama beusi baliwekwa ku mameli ya kando. Mutoto alikufa chini ya bendera moja na mutoto wa muzungu, lakini mama yake haruhusiwe kulala ku meli moja na mama mwenzake! Bengine balikataa kwenda, na minabapa haki.

Kisha kuna swali ya nani anapewa. Kwetu hapa hii italeta kelele, usifiche: soda alikuwa na bibi huku Katanga, na mwingine kule alipotumwa, mahari ya moja haikuisha kulipwa, na mama mukwe anasema mimi njo nilizaa. Canada balipata njia yenye minapenda: tangu 2007 soda mwenyewe, angali muzima, anaweza kuandika batu mpaka watatu benye batapewa. Anajua famiye yake kuliko biro yoyote.

Sasa tufike kwenye inaniuma. Kuna mujane moja wa kambi huku kwetu, anatembea na sakoshi ya plastiki, ndani mikanda ya ndoa, picha ya harusi yenye maji iliingia, bulletin za batoto. Ku biro moja banamwambia lete mukanda ya kifo, ku biro ya pili banamwambia mukanda ya kifo inatoka kwa komanda wa bwana yake, na yule komanda alishahamishwa zamani. Sheria ya 2013 ya basoda ba FARDC, jeshi ya Congo, inapatia bajane na bayatima haki yao, lakini haki inaanza na mukanda moja tu, wenye kusema huyu mutu alikufa, siku hii, mahali hapa.

Njo maana mie niko upande wa medayi, ila si juu ya kungaa kwake. Hauwezi kuchonga jina na namba ya mutu kama haujakubali kwanza kama alikufa na kama alikuwa wako. Medayi inalazimisha leta kuwa na liste. Na liste njo kitu yenye leta haipendi, ju ikishatoka batu batahesabu, na kisha kuhesabu batauliza nani alibatuma bila risasi. Babu zetu ba Force Publique, jeshi ya Babeleji wakati ya ukoloni, balifika mpaka Tabora 1916, na bapagazi balikufa njiani kwa maelfu, nani aliandika majina ya bamama babo?

Wale ba bukari batasema lipa rante kwanza, ile feza ya bajane na bayatima. Ndiyo, lipa, na kama feza ya fete inatoka mbele ya rante mie pia nitapiga kelele nao. Lakini rante yenyewe inangoja liste ile ile. Soda mwenye haonekane tangu Goma ianguke mwezi wa 1 mwaka 2025, ni mufu ao ni mufungwa? Mpaka mutu wa leta aandike moja kati ya hizo, bibi yake si mujane na si bibi, mushahara unaweza kukatika na nyumba ya kambi inaweza kuombwa na mwingine.

Kwa hiyo baanze na majina, kambi kwa kambi, babandike ku mulango kila famiye isome na isahihishe, ju makosa yatakuwako mengi. Utepe batachagua rangi kisha.