Kivuli Chenye Jina Langu

Nina akili timamu, nina leseni halali ya pikipiki, na barabarani sijawahi kuanguka hata siku moja. Lakini jana usiku, nikiwa nimeketi kwenye kochi, nilianguka mara 312. Naitaja idadi hiyo bila wasiwasi kwa sababu mchezo wenyewe, mchezo wa video wa pikipiki, ndio uliohesabu, ukawa unaiandika kwenye kona ya juu ya skrini kwa tarakimu nyeupe, kana kwamba mle sebuleni kulikuwa na mtu ambaye hajaona.

Kwa mbali ni mchezo wa kitoto kabisa. Pikipiki huenda upande mmoja tu, kutoka kushoto kwenda kulia. Hakuna kona, hakuna askari wa barabarani, hakuna abiria wa kukuharakisha. Vitufe vya maana ni vinne: mafuta, breki, kuinama mbele na kuegemea nyuma. Nilipoelezwa hivyo nilicheka, nikamwambia mpwa wangu wa miaka tisa, ambaye ndiye aliyeuleta mchezo huu nyumbani, akae atazame watu wazima wanavyoendesha. Alikaa akatazama, na sijapata kumwona mtoto aliyefurahi namna ile.

Balaa langu ni hatua ya 17. Kuna mteremko, kisha ubao ulioinuliwa upande mmoja, kisha mapipa mawili yaliyoachana kidogo, kisha ukuta mfupi. Ukivuta mafuta kwa pupa pale kwenye ubao, gurudumu la mbele linanyanyuka, pikipiki inapinduka kinyumenyume, na mpandaji anatua kwa kisogo. Ukiinama mbele ili kulizuia, uzito unaliacha gurudumu la nyuma, tairi linateleza, na pikipiki inarudi chini taratibu kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau kitu nyumbani. Katikati ya makosa hayo mawili ipo nafasi iliyo sahihi, ninakiri, ila upana wake umepimwa kwa kidole gumba cha mtu mwingine.

Laiti ningeweza kusema kwamba mchezo unanionea! Ipo michezo ambayo gari hugonga ukuta, likajikung'uta na kuendelea na safari, na huko mtu akishindwa hupata cha kulaumu. Humu kila kitu kina uzito wake: injini, springi, mwili wa mpandaji, hata ule ubao unaobonyea ukiukanyaga. Mara nyingi nilipokuwa hewani nilivuta mafuta nikidhani nitafika mbali zaidi, kumbe hewani tairi halina ardhi ya kusukuma; linazidi kuzunguka bure kwenda mbele, na pikipiki inalazimika kuzunguka kinyume chake, pua ikielekea juu. Nikashtuka nikashika breki, gurudumu likasimama ghafla, pua ikashuka, nami nikaingia ardhini kama mwiko ndani ya sufuria. Hiyo si hila ya watengenezaji. Ni jambo lile lile alilolichapisha Isaac Newton mwaka 1687, kwamba kila tendo lina jibu lililo sawa nalo na lenye kuelekea upande wa pili. Nililikariri shuleni, nikapata alama nzuri, wala sikuambiwa kwamba deni lake litakuja kudaiwa saa tano usiku.

Ukatili huu, hata hivyo, una nasaba yake. Mchezo wa Elasto Mania, uliotengenezwa na Balázs Rózsa wa Hungaria na kutoka mwaka 2000, humtaka mpandaji aokote matufaha yote kisha aliguse ua. Kichwa chake kikigusa ardhi, habari imekwisha. Matufaha na ua! Mtu anavunjwa shingo kwa ajili ya pambo la mezani.

Anguko lenyewe nalo lina dharau yake. Mpandaji akishagusa ardhi huachia usukani, viungo vyote vikalegea kwa mpigo, akabingirika kama shati lililodondoka kambani. Mara ya 140 hivi alizama ndani ya pipa la kwanza kichwa chini, miguu miwili ikabaki juu, kimya, kiatu kimoja kikitikisika. Mpwa wangu alicheka hadi akapaliwa. Nilipobonyeza kitufe cha kuanza upya, yule bwana alirudi juu ya pikipiki yake akiwa mzima, hana kinyongo, injini inanguruma, akingoja nimuue tena.

Huruma ya mchezo ni moja tu: ukifikisha makosa 500 au dakika 30, unakatizwa. Katika mashindano halisi ya pikipiki za kupita vikwazo, yaitwayo trials, anayekanyaga chini kwa mguu mara moja huandikiwa pointi 1 ya adhabu, na anayeshindwa kabisa kuipita sehemu yenye vikwazo huandikiwa pointi 5. Tano! Mimi ningewekewa kikomo hicho ningelala mapema na heshima yangu.

"Mjomba, uachie mafuta kabla hujaruka," aliniambia mpwa wangu.

Nilimjibu kwamba najua, ila pedi ya kuchezea ina jasho na kochi limebonyea upande wa kulia.

"Sawa, Mjomba," akasema, kwa adabu iliyoniumiza kuliko lile pipa.

Baada ya anguko la 312 kidole kilikaza, nikaenda jikoni kunywa maji. Niliporudi nilikuta medali ya dhahabu kwenye skrini: sekunde 41, kosa sifuri. Mtoto alikuwa amenisaidia, na alikuwa amenisaidia kwa jina langu. Sasa mchezo huu huhifadhi mwendo bora wa kila mchezaji, kisha humwekea uwanjani katika umbo la kivuli ili ashindane nao. Kwa hiyo kila nikianza hatua ya 17, kinatokea kivuli chenye jina langu, juu ya pikipiki ya rangi niliyoichagua mwenyewe, kinanipita kabla ya ubao, kinayaruka mapipa yote mawili na kutokomea nyuma ya ukuta, wakati mwenye jina anarudi chini taratibu akiteleza.

Leo nimekaa nacho tangu alasiri. Hadi sasa tumefika pamoja mpaka pipa la kwanza, ambalo chenyewe hulipita kwa juu.