Sheria za Hesabu na Mtu wa TEHAMA: Ninayoyaona Houston, Ninayoyakumbuka Dar es Salaam

Wenzetu wengi wa vitengo vya TEHAMA nyumbani huziona sheria za hesabu za makampuni kuwa shughuli ya wahasibu, na kwamba kazi yao wao ni kuhakikisha mfumo hausimami. Hapa Houston, ninakohudumia mfumo wa hesabu wa kampuni iliyoorodheshwa katika soko la hisa, haipiti wiki bila sheria moja ya hesabu kuniamulia kipi nikiguse na kipi nisikiguse.

Sheria hiyo ni Sarbanes-Oxley, iliyosainiwa na Rais George W. Bush tarehe 30 Julai 2002, baada ya Enron, kampuni ya nishati ya mji huu huu, kufilisika Desemba 2001, na baada ya WorldCom kutangaza Juni 2002 kwamba dola bilioni 3.8 za matumizi ya kawaida zilikuwa zimeandikwa vitabuni kama mali ya kudumu. Inawataka mtendaji mkuu na mkuu wa fedha wathibitishe taarifa za hesabu kwa saini zao wenyewe, na anayethibitisha kwa makusudi taarifa anayoijua kuwa si sahihi anaweza kufungwa hadi miaka 20. Kifungu cha 404, kinachodai udhibiti wa ndani, yaani taratibu za kampuni za kuzuia makosa na udanganyifu katika hesabu, upimwe kila mwaka, hakitaji seva wala hifadhidata. Hata hivyo, hesabu zote zimo ndani ya kompyuta, na mkurugenzi hawezi kusaini kwa amani kabla ya kuhakikishiwa ni nani anayeweza kuzibadilisha. Hivyo ndivyo mzigo ulivyotushukia sisi.

Chukua kosa la mstari mmoja wa programu katika ukokotoaji wa kodi kwenye ankara. Kulirekebisha ni kazi ya dakika chache, lakini marekebisho hayo hayaingii kwenye mfumo unaotumika hadi ijulikane nani aliyaomba, nani aliyaandika, nani aliyajaribu na nani aliyaidhinisha. Na anayeyaingiza ni mtu mwingine kabisa, kwa kuwa aliyeandika programu haruhusiwi kuwa na nywila ya huko. Kila robo mwaka mameneja hupitia orodha ya wenye ruhusa jina kwa jina, na aliyehama idara huondolewa. Kisha huja mkaguzi wa nje, akachagua mabadiliko kadhaa na kutaka ushahidi wa kila hatua, pamoja na picha za skrini zenye tarehe na saa. Wahandisi wenzangu hulalamika kwamba muda wa kujenga unaliwa na muda wa kuthibitisha, na wana haki ya kulalamika, kwa sababu sehemu kubwa ya makaratasi hayo ilizaliwa na woga wa makampuni na wakaguzi wao, wala haikutajwa na sheria.

Pamoja na hayo naitetea, na sababu yangu inatoka nyumbani. Katika kampuni moja ya Dar es Salaam niliyowahi kuifanyia kazi, mkuu wa fedha alimpigia simu kijana wa hifadhidata jioni ya mwisho wa mwezi, akamwambia, “Kijana wangu, zirudishe nyuma tarehe za hizo ankara, karatasi nitasaini kesho.” Kijana alikuwa na nywila zote, bosi alikuwa bosi, na hapakuwa na utaratibu wowote ambao angeweza kuutaja ili akatae bila kuonekana mkaidi. Karatasi haikusainiwa. Wakaguzi walipofika, kumbukumbu za mfumo zilionyesha jina moja tu, lake, na simu ile haikuwa imeandikwa popote.

Mtu wa cheo kama chake hapa angejibu kwamba hana ruhusa ya kuingia huko, na jibu hilo lingekuwa kweli. Nyuma yake kuna kifungu cha 806 cha Sarbanes-Oxley, kinachokataza kampuni iliyoorodheshwa kumfukuza au kumnyanyasa mfanyakazi aliyeripoti udanganyifu wa hesabu. Akionewa ana siku 180 za kupeleka malalamiko Wizara ya Kazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, lakini sikuwahi kusikia ikitajwa katika mafunzo yoyote ya kazini, na kati ya mafundi niliofanya nao kazi sikumjua hata mmoja aliyeizungumzia.

Sishauri tuibebe Sarbanes-Oxley nzima. Wamarekani wenyewe waliona gharama yake, na mwaka 2010 wakayasamehe makampuni madogo yaliyoorodheshwa ukaguzi wa nje wa udhibiti wa ndani. Kampuni ya watu kumi pale Kariakoo haina hata watu wa kutosha kugawana hatua hizo zote. Lakini benki, makampuni ya simu yanayobeba fedha za mamilioni ya watu, na kampuni yoyote iliyo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam wana watu hao. Kwao, mwandishi wa programu asiwe na nywila ya mfumo unaotumika, na agizo la kubadilisha kumbukumbu ya hesabu lisitekelezwe hadi jina la aliyeliagiza liwe limeingia kwenye mfumo kabla ya jina la fundi.