Nilirudi Gielinor, nikapokewa kwa herufi mbili

Nywila ya RuneScape, lile gemu la mtandaoni lenye ulimwengu uitwao Gielinor, niliikumbuka. Kwa mtu anayetafuta simu huku ameishika mkononi, hilo si dogo, lakini vidole vilijiandikia vyenyewe neno nililolitunga utotoni (ndiyo, bado nalitumia, nitalibadilisha, msinifokee). Muziki wa kuingilia ukalia, na mhusika wangu akatokea palepale nilipomwacha mwaka 2015: nje ya benki ya mji wa Varrock, joho la kijani mgongoni, kwenye mkoba kambakoche wanane wabichi. Miaka yote hiyo na hawajaoza.

Nikafungua orodha ya marafiki. Majina 61. Yote mekundu, yaani hakuna hata mmoja aliyekuwa mtandaoni.

Hilo nililitarajia. Watu wameajiriwa, wameoa, wameolewa, wengine labda hata hawakumbuki kwamba waliwahi kujiita joka lenye tarakimu tatu mwishoni. Sikuwa nimekuja kuomboleza. Nilitaka tu kurudi kuvua, na dema langu sikuliona benki. Nikamsogelea mchezaji mmoja aliyesimama hapo, nikamwandikia kwa adabu zetu za zamani: habari yako ndugu, natafuta dema la kambakoche, unalo la kuuza? Nikangoja. Karibu dakika nzima. Jibu likaja:

"GE"

Basi. Salamu hakuna, hata nukta hakuna.

Na alikuwa sahihi, ndiyo maana imeniuma. Dema ningelipata Grand Exchange (ndiyo hiyo GE, soko kuu la gemu) kwa mibofyo minne bila kumsumbua mtu. Nilikwenda, nikalipata. Lakini nilitoka pale nimenuna, na tangu siku hiyo najiuliza nilinunia nini hasa.

Mliokuwepo mnakumbuka Old School, hili toleo la kizamani la RuneScape tunalolicheza, ilivyopatikana. Mwaka 2013 ilipigwa kura, watu zaidi ya 400,000 tukasema turudishieni gemu letu, na Jagex, kampuni yenye gemu, wakaiwasha upya nakala ya tarehe 10 Agosti 2007. Nakala hiyo ilihifadhiwa miezi mitatu kabla Grand Exchange haijazaliwa. Kwa hiyo miaka miwili ya mwanzo tuliishi bila soko. Ukitaka kitu, unamtafuta mwenye nacho. Ulisimama Varrock ukipaza sauti kwa maandishi ya rangi, yanayotikisika, yanayopanda na kushuka kama kitambaa kwenye upepo. Mtu anakuja, anataja bei, unaikataa, anaondoka, anarudi. Katikati ya kubishana anakuuliza unavulia wapi. Unamwambia kisiwani Karamja. Anasema twende. Mnalipa nauli ya meli, sarafu 30 kila mmoja, na kufika usiku wa manane unajua kwamba mama yake anaumwa na kwamba kesho ana mtihani ambao hajausomea.

Nusu ya yale majina 61 niliyapata hivyo. Sikuyapata kwa kuua majoka pamoja wala kwa misheni za kishujaa. Niliyapata kwa sababu mmoja wetu alikuwa na mkaa wa mawe na mwingine hana.

Kisha tukapiga kura tena. Jambo lolote jipya kwenye Old School lilihitaji asilimia 75 ya kura, kizingiti ambacho wanasiasa wengi wangekikimbia bila viatu, na soko likakivuka. Kwa hiyo hapa sina kampuni ya kulaumu, wala mkurugenzi mwenye tamaa wa kumzomea. Ni sisi. Na kabla hujauliza: nami nilipiga kura ya ndiyo. Nilikuwa nimechoka kupoteza saa nzima nikipigia kelele magogo ambayo hakuna aliyeyataka. Niliona soko kama ukombozi. Niliuza magogo yote usiku mmoja, nikafurahi, na baada ya miezi michache nikaacha kucheza, nikijiambia kwamba nimekua. Leo siamini tena kwamba nilikuwa nimekua. Nadhani kulikuwa hakuna mtu wa kuzungumza naye.

Picha zenyewe bado ni zile za kibokisiboksi, na Mungu azilinde. Kucheza kwenye simu ni raha, nimekubali.

Kinachonishinda ni hawa wanaohesabu. Kila ninayemkuta anajua XP yake (pointi za uzoefu) kwa saa, ana programu ya pembeni inayompigia hesabu kwenye kona ya skrini, na ukimwambia unavua kambakoche anakuonea huruma kama mtu anayechota bahari kwa kijiko. Kwa hesabu ya XP, leveli 92 ndiyo nusu ya safari ya kufika 99, leveli ya juu kabisa, hilo tunalijua wote, XP milioni 13 si mchezo. Lakini haraka ya nini? Ukishafika unakwenda wapi? Unavaa joho la ustadi, unasimama Grand Exchange katikati ya wenzako mia wenye majoho, na hakuna anayemsemesha mwenziwe.

Haya, nitasema na hili ingawa silipendi. Zamani hizo ninazozililia zilikuwa zimejaa wezi. Mwaka 2007 kijana mmoja mcheshi kweli aliniambia anaweza kuitia deraya yangu ya rune, metali ya thamani mle ndani, nakshi za dhahabu, bure kabisa, kwa kuwa tu nimempendeza. Nikampa. Nakshi hizo hakuna mchezaji anayeweza kuzitia, zinapatikana kwa kufuata mafumbo na kufungua kasha la mwisho. Mimi ningejuaje? Alitoweka na deraya yangu yote, na nikalala na machungu hayo wiki nzima. Soko halijawahi kumwibia mtu hivyo. Soko halikuchekeshi kwanza.

Bado namkumbuka jina yule mwizi. Yule wa "GE" simkumbuki.

Kwa hiyo nimeanza ukaidi wangu mdogo. Kila jioni nalipa sarafu 30, navuka hadi Karamja, najaza mkoba (kambakoche 26, maana nafasi ni 28, na dema na sarafu vinakula mbili), narudi Varrock, nasimama nje ya benki na kunadi kwa maandishi yanayotikisika. Bei yangu iko chini kidogo ya ile ya soko. Hii ni wiki ya pili. Wamenunua wanne: wawili hawakusema neno, mmoja aliandika "haha", na mmoja alikaa karibu saa nzima akinisimulia kwamba naye amerudi juzi, kwamba orodha yake ina majina 112 na moja tu ni la kijani, la kaka yake, aliyeko chumba cha pili.

Wa tano aliniripoti kwamba mimi ni tapeli.